Baiskeli Haina Hatia

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mitihani imekwisha na hata wale waliokuwa wakitembea na sura za matanga sasa wanacheka. Mimi si mzima sana. Nina donge rohoni tangu muhula wa kwanza na nimeona heri nilitoe hapa kabla halijanikaba.

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo ilivyo shule yetu na baiskeli. Tangu mwezi wa Machi mwanafunzi akitokea langoni na baiskeli hurudishwa alikotoka, hata kama ameisukuma kwa mkono. Ilani imebandikwa pale ubaoni na kila mtu ameisoma. Sikatai kwamba shule ilikuwa na sababu. Sababu yenyewe naijua kuliko wengi wenu, kwa kuwa nilikuwepo. Ninachosema, kwa heshima na taadhima, ni kwamba nyoka yuko kwenye lami na sisi tumekwenda kuchoma unyasi.

Kwa wale wa madarasa ya chini walioisikia habari hii nusunusu, hebu niisimulie. Sisi tunaotoka vijiji vya huku chini tuna njia mbili za kuja shuleni. Moja ni barabara ya lami ipandayo kutoka Mwatate hadi Wundanyi, ile yenye kona za kumtapisha mgeni. Nyingine ni barabara ya juu, ya changarawe, inayozunguka ubavuni mwa mlima na kupita katikati ya migomba, miparachichi na mashamba ya maharagwe. Kutoka kwetu hadi shuleni, ya lami ni kama kilomita 8. Ya juu ni kama 11. Babu anasema katika ujana wake kila kitu kilipita huko juu: watu, punda na kabichi za sokoni. Siku hizi ukipita huko asubuhi unakutana na mama mmoja amebeba kuni, ng'ombe wawili, na basi.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu ambaye sitamtaja ila mnamjua. Yeye alisema, "Tupite juu." Mimi nikasema, "Tutachelewa, tupite lami." Huo ulikuwa uongo. Hatukuwa tumechelewa. Nilikuwa nimeipiga pasi suruali yangu na sikutaka iingie vumbi, tena nilijua kwamba wanafunzi wengi hupita kwenye lami na wangeniona. Kuna methali isemayo njia ya mwongo ni fupi. Najua Mwalimu atasema nimeitumia mahali pasipo pake, lakini mimi sijaona mahali inapofaa zaidi.

Kwenye kona ya tatu tulikuwa tunapanda polepole, tumejibana kushoto. Matatu ikatoka nyuma yetu ikaanza kutupita papo hapo kwenye kona. Mbele likatokea lori la mchanga likishuka. Dereva wa matatu angefanya nini? Alirudi kushoto, na kushoto tulikuwa sisi. Mimi nilipitiwa na upepo tu. Mwenzangu alipigwa na ubavu wa gari akaruka mtaroni pamoja na baiskeli yake. Matatu haikusimama. Mfupa wake wa mtulinga ulivunjika, na kwa wiki sita alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, maandishi ambayo hata yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma.

Walimu walipotuuliza, nilisema tu tuligongwa. Sikusema nani aliyechagua njia. Leo nasema: ni mimi.

Sasa tupime lawama. Yuko dereva aliyepita gari kwenye kona. Iko barabara ambayo kando yake hakuna hata nafasi ya kupita mbuzi. Niko mimi na suruali yangu. Baiskeli ilifanya nini? Ilikwenda ilikoelekezwa. Lakini katika kesi hii yote aliyefungwa ni baiskeli, na sisi wengine tuko huru tunatembea. Tena tunatembea kwelikweli, maana kutoka kwetu hadi shuleni kwa miguu ni saa mbili za kupanda. Mtu anafika kipindi cha kwanza cha Hisabati akiwa amekwisha kufanya kazi ya kutwa.

Mtasema tupande bodaboda. Haya, tupige hesabu. Shilingi 50 kuja na 50 kurudi ni 100 kwa siku. Kwa siku tano ni 500. Kwa muhula wa wiki 13 ni 6,500. Kwetu tuko wawili tunaosoma hapa, kwa hivyo ni 13,000. Mama yangu anauza mboga. Nilipomwonyesha hesabu hii aliitazama, akaikunja karatasi, akaitumia kuwashia moto. Hakusema lolote. Na jamani, lile neno lenyewe bodaboda lilianza na baiskeli! Watu walikuwa wakivushwa kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, boda hadi boda, miaka mingi kabla ya pikipiki kurithi jina. Leo pikipiki ndiyo heshima na baiskeli ni umaskini.

Hapo kwenye umaskini ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nadhani marufuku hii haikupata mpinzani kwa sababu wengi wetu tuliionea haya baiskeli hata kabla haijakatazwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiificha Black Mamba ya babu nyuma ya duka la jirani wa shule. Nilichokuja kujifunza, nilijifunza likizo ya Aprili.

Nilikuwa barabara ya juu nikipeleka mahindi kusagwa. Nikaona watu wawili wanakuja kwa baiskeli, wamejaa vumbi mpaka kope. Mmoja mwanamume, mmoja mwanamke, wote Waafrika kama mimi, wametoka Nairobi. Baiskeli zao zilikuwa na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, tairi pana, na mikoba midogo imefungwa kwenye fremu. Nikawaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia, yule dada akauliza:

"Kaka, hii barabara inatokea wapi?"

"Inatokea Wundanyi. Lakini ni mbaya, dada. Rudini pale chini mkashike lami."

"Mbaya kivipi?"

"Haina lami."

Wakacheka mpaka yule bwana akashuka kwenye kiti. "Mdogo wangu," akasema, "sisi tumetoka Nairobi kuitafuta hii hii. Lami tumeikimbia."

Nilidhani wananitania. Wakaniomba maji, nikawapeleka nyumbani, na wakati wanakunywa nikaikagua ile baiskeli kama fundi. Tairi zake ni pana kuliko za baiskeli za mashindano ya lami, ila nyembamba kuliko za zile za kurukia mawe milimani. Breki ni za sahani. Gia ni nyepesi sana, mtu anaweza kupanda ukuta. Ndani ya tairi hamna tyubu, mna maji mazito kama uji, na mwiba ukitoboa, ule uji unaziba tundu wenyewe! Mimi ninayebandika kiraka kila wiki nilitamani kulia. Waliniambia kwamba wao likizo yao ni hiyo: kutafuta barabara za changarawe milimani ambako magari ni machache, na kuzipita polepole. Kesho yake walikuwa wanataka kufika msitu wa Ngangao kuwatazama ndege wetu ambao hawapatikani popote duniani ila katika milima hii ya Taita, kisha wajaribu kuupanda Vuria, mita 2,208. Walikuwa wamelipa nauli, chakula na malazi ili wapite pale ninapopita mimi bure, nikilalamika.

Nimesoma baadaye kwamba huu ni mchezo kamili wenye mabingwa wake. Huko Kansas, Marekani, watu hushindana zaidi ya kilomita 300 kwa siku moja kwenye barabara za mashambani. Mwaka wa 2022 mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za changarawe yalifanyika Italia. Hapa kwetu Kenya mashindano ya changarawe ya siku nne yalianza katika nchi ya Wamaasai, upande wa Mara, mwaka wa 2021. Na kama bado mnadhani baiskeli ni kitu cha walioshindwa, Biniam Girmay wa Eritrea, nchi ya milima kama yetu, alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka wa 2024 na akavishwa fulana ya kijani. Septemba mwaka wa 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Rwanda hawakusawazisha vilima vyao kwanza. Vilima ndivyo vilivyowafanya watu waje.

Sisemi kwamba sisi tutakuwa mabingwa. Sisi tunataka kufika shuleni. Nasema tu kwamba kitu ambacho mwingine anavuka nchi kukitafuta hakiwezi kuwa aibu kwangu.

Tangu siku ile nilianza kuisoma barabara ya juu kama kitabu. Kwa kuwa inazunguka mlima badala ya kuukabili uso kwa uso, mwinuko wake ni wa upole. Kwenye lami nashuka na kusukuma mara nne. Juu nasukuma mara moja tu, pale penye mwamba. Kwa hivyo zile kilomita tatu za ziada hazinichukui muda niliodhani. Nilipima kwa saa ya babu: lami saa moja na dakika tano, juu saa moja na robo. Dakika kumi, jamani! Kwa dakika kumi nilimvunja mwenzangu mfupa.

Changarawe ina adabu zake, na anayezijua haanguki ovyo. Upepo wa tairi upunguzwe kidogo. Tairi likiwa gumu kama jiwe linarukaruka juu ya kokoto, lakini likikubali kubonyea kwa kidole gumba linashika ardhi. Breki hufungwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiibana ya mbele ghafla kwenye kokoto, utaondoka wewe na baiskeli itabaki. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha msuguano kwa kipande cha mbao juu ya meza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuufahamu tangu Darasa la Saba, kwa magoti. Kwenye mteremko mrefu usiing'ang'anie breki moja kwa moja. Ibane, iachie, ibane, iachie, la sivyo mpira unapata moto na kuliwa wote kabla hujafika mtoni. Tena upite kwenye mkondo wa magurudumu ambapo udongo umeshindiliwa. Katikati ndiko kokoto zinakojikusanya.

Sitaki mtu aje aniambie nimeficha upande wa pili wa shilingi. Suleiman Kangangi, Mkenya mwenzetu aliyejulikana kama Sule, nahodha wa timu ya Amani, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe kule Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa mzoefu kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja. Kwa hivyo changarawe nayo inaua. Lakini yeye alikuwa kwenye mashindano, anashuka kwa kasi ya mashindano. Mwanafunzi aliyebeba vitabu vya masomo manane kwenye keria hana kasi hiyo, na akiwa nayo ni kosa ambalo kiranja anaweza kulishughulikia. Kitu ambacho mwanafunzi hawezi kukishughulikia ni matatu inayotoka nyuma. Februari, kabla ya ajali, nilikuwa nimepita juu wiki nzima nikihesabu kwa mchezo tu: magari 2 na pikipiki 9, siku zote tano, kwenda na kurudi. Baada ya ajali nilisimama kwenye lami asubuhi moja. Nilipofika gari la 40 niliacha kuhesabu, na kengele ya shule ilikuwa bado.

Hoja iliyonisumbua zaidi haikutoka kwa mwalimu. Ilitoka kwa dada yangu mdogo aliye Kidato cha Pili. Nilikuwa nikimsomea makala haya jikoni, nikayasifu makimya ya barabara ya juu mpaka nikapitiliza. Akaniambia, "Kaka, kimya chenu si kimya chetu. Nyinyi mkisikia kimya mnapumzika. Sisi tukisikia kimya tunaongeza mwendo."

Sikuwa na jibu. Nilinyamaza kama mtu aliyemeza pini. Ni kweli kwamba pale penye mikalitusi, karibu kilomita moja na nusu, hakuna nyumba hata moja. Mtu akipiga kelele anasikiwa na kunguru. Mvulana anaweza kupita pale akipiga mluzi, msichana hawezi, na ningeandika makala haya yote bila kukumbuka jambo hilo kama asingelisema yeye. Tulikaa tukalizungumza, na wazo lililo bora ni lake, si langu: twende kwa kundi. Kutoka vijiji vyetu tuko wanafunzi kama 20 tunaosoma hapa, na angalau 12 nyumbani kwao ipo baiskeli ya baba, ya mjomba, au iliyotundikwa darini bila tairi. Tukikutana kwa fundi saa kumi na mbili kasorobo na kuondoka pamoja, pale kwenye mikalitusi hapatakuwa tena na kimya cha kuogopwa. Na mama wanaobeba kuni, ambao hupita pale peke yao kila siku bila kuandikiwa makala na mtu, nao watapata wenzao.

Iko pia shida ya mvua. Mwezi wa Novemba na mwezi wa Aprili udongo wetu mwekundu unakuwa sabuni, na kwenye kijito cha pili kalvati lilichukuliwa na maji, limebaki shimo la kumtosha ndama. Kuna jirani mmoja amekwisha kuusogeza ua wake mpaka nusu ya barabara, kwa hoja kwamba haipitwi na mtu. Simlaumu sana. Barabara isiyopitwa huwa shamba, na shamba likishaitwa shamba kulirudisha ni kazi ya mahakama. Tukingoja miaka mitano zaidi hatutakuwa na njia mbili. Tutakuwa na moja, ile yenye kona.

Kwa hivyo haya ndiyo tunayoyaomba, na tumeyaandika pia kwa barua yenye sahihi 14. Shule iondoe marufuku kwa wale tu wanaopita barabara ya juu kwa kundi. Baiskeli ikaguliwe breki kila Jumatatu. Mwalimu wa zamu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika tano, au aniachie mimi. Anayeonekana kwenye lami anyang'anywe ruhusa, na akiwa ni mimi nianze mimi. Tupewe ile nafasi nyuma ya stoo ya kuni tujenge kibanda cha kuegeshea, miti tunayo na mabati mawili mama wa mwenzetu ameahidi. Kuhusu kalvati, hatuiombi shule pesa. Tunaomba Jumamosi moja, mabeberu mawili ya kubebea mawe na ruhusa ya kukosa masomo ya ziada. Kama hakuna mabeberu tutatumia makarai.

Yule rafiki yangu mkono umepona, ingawa anasema bega linamwambia mvua ikikaribia. Nilimwendea nikamwambia kwamba nitaandika hapa kuwa njia niliichagua mimi. Akasema andika, ila usisahau kuandika kwamba baiskeli yake bado iko kwa fundi, rimu imepinda, na fundi anadai 850. Nimeandika. Nimelipa 300, zilizobaki nitamaliza Januari.

Barua iko ofisini tangu muhula wa pili. Tunangoja.